Kwaya, kengele za mkono na utunzi: ni kazi moja au tatu?

Swali nililoletewa ni hili: "Shikamoo, mwalimu. Nina umri wa miaka 31 na nimekuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka sita; kwaya yangu ina waimbaji wapatao 40. Natunga nyimbo kwa sol-fa, yaani do, re, mi, na baadhi zimeanza kuimbwa na kwaya nyingine. Mwaka huu tumepata seti ya kengele za mkono ya oktava tatu, nami nimeombwa niunde kikundi na kukiongoza, ingawa sijawahi kuzishika. Naomba kujua: je, kuongoza kwaya, kuongoza kengele na kutunga vinaweza kuwa kazi moja ya kuishi nayo, au nichague kimoja niache vingine? Na je, kwa umri huu sijachelewa?"

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa sababu nilikuwa nalo mimi mwenyewe nilipokuwa na umri kama wako, na kwa sababu jibu nililopewa wakati ule, kwamba mshika mawili moja humponyoka, lilinipotezea miaka. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo yanayovutana. Kuongoza kwaya, kuongoza kengele na kutunga ni kazi ya sikio moja, na kila moja hukuonyesha makosa ambayo nyingine imekuficha. Kwa hiyo usiache hata moja, lakini usizibebe zote kwa uzito sawa kwa wakati mmoja: kwaya ibaki kuwa msingi wako, kengele ziwe shule yako kwa miaka miwili au mitatu ijayo, na utunzi utokane na hayo mawili badala ya kuwa jambo unalolifanya pembeni, usiku, ukiwa peke yako.

Ukichunguza maisha ya watunzi tunaowaheshimu, utaona kwamba wengi wao hawakujifungia chumbani. Johann Sebastian Bach alifanya kazi Leipzig kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na sehemu kubwa ya muziki tunaomkumbuka kwao aliuandika kwa ajili ya wavulana aliowafundisha na wapigaji aliokuwa nao, kwa ibada ambazo tarehe zake hazikumngoja. Gustav Holst alifundisha muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's jijini London tangu mwaka 1905 hadi kifo chake mwaka 1934, na muziki aliowaandikia wanafunzi wake bado unapigwa na okestra za watu wazima. F. Melius Christiansen, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kwaya ya chuo cha St. Olaf huko Minnesota mwaka 1912 na akaipangia nyimbo kwa mkono wake mwenyewe. Alice Parker, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 98, alianza kujulikana kwa mipangilio ya sauti aliyoiandika pamoja na Robert Shaw, mwongozaji wa kwaya wa Marekani, kwa ajili ya kwaya ya Shaw. Wote hao waliandika kwa ajili ya koo walizozijua, na nadhani hiyo ndiyo sababu hata mtu asiyewajua waimbaji wao wa kwanza husikia kwamba kila sauti imepewa kitu inachokiweza.

Sasa tuje kwenye kengele, kwa kuwa ndiko uliko wasiwasi wako. Kengele za mkono tunazozizungumzia zilikua Uingereza katika karne ya 17 na ya 18 mikononi mwa wapigaji wa kengele kubwa za minara, ambao walihitaji namna ya kufanya mazoezi ya mifuatano yao mirefu wakiwa ndani, pasipo baridi ya mnarani na pasipo kuwachosha majirani. Margaret Shurcliff wa Boston alikwenda London mwaka 1902 kupiga kengele za minara, akarudi na seti ndogo ya kengele za mkono aliyozawadiwa, na mwaka 1923 akaanzisha kikundi katika mtaa wa Beacon Hill. Chama cha wapigaji wa Marekani kilipoundwa mwaka 1954, kile ambacho tangu mwaka 2010 kinaitwa Handbell Musicians of America, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza, akiwa amekwisha kuvuka miaka 70. Nimemtaja mapema makusudi, ili suala la umri wako tuliweke kando.

Kengele yenyewe imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati, takriban sehemu nne za shaba kwa moja ya bati. Ulimi wake umefungwa kwenye bawaba yenye springi, kwa hiyo unakwenda mbele na nyuma tu, hauyumbi kila upande kama wa kengele ya shule, na hilo ndilo linalomwezesha mpigaji kuamua mlio utoke wakati gani hasa. Seti yako ya oktava tatu, yaani kutoka do hadi do ya juu yake mara tatu, ina kengele 37, kutoka C4 hadi C7 (herufi ni jina la noti, namba ni oktava yake). Ukiziweka pembeni shapu na flati, yaani zile noti za vitufe vyeusi vya kinanda, zinabaki noti 22, na ukimpa kila mtu noti mbili jirani pamoja na shapu na flati zake, unapata wapigaji 11. Fahamu pia kwamba muziki wa kengele huandikwa oktava moja chini ya unavyolia: noti ambayo mpiga kinanda angeiita C ya katikati, wapiga kengele huiita C5, nayo hulia oktava moja juu ya ilipoandikwa. Mwongozaji asiyelijua hilo hushangaa kwa nini kengele zimeruka juu ya sauti ya kwanza ilhali kwenye karatasi zilionekana zimekaa chini yake.

Ukisimama mbele ya kikundi chako kwa mara ya kwanza, chukua kipande kidogo kabisa: do, re, mi, fa, so, katika C, noti tano zinazopanda polepole. Mwanakwaya wa sauti ya kwanza huziimba kwa pumzi moja bila kufikiri. Kwenye kengele noti hizo tano ziko mikononi mwa watu watatu: wa kwanza ana C na D, wa pili ana E na F, wa tatu ana G. Sikiliza kitakachotokea. Mpigaji wa pili, ambaye amekuwa akihesabu kimya kwa vipimo vitatu (mafungu ya mapigo), anaipiga mi kwa nguvu kwa hofu ya kuchelewa. Wa kwanza amesahau kuirudisha re begani kuizima, kwa hiyo re na mi zinalia pamoja na kugombana. So inatoka ikiwa imepoa, kwa sababu mwenye so anaona wimbo umekwisha na yeye anafunga mlango tu. Kila mmoja amepiga noti sahihi kwa wakati sahihi, na bado hakuna wimbo.

Hapo ndipo kengele zinapomfundisha mwalimu wa kwaya jambo ambalo kwaya inaweza kumficha maisha yake yote. Katika kwaya, mstari wa wimbo unakaa ndani ya koo la mtu mmoja, na hata asipofundishwa vizuri mwili wake wenyewe utaunganisha noti. Katika kengele hakuna mtu mwenye mstari. Mstari unakaa baina ya watu, na usipowekwa pale na mwongozaji haupo. Dawa ninayoitumia ni kuwaambia wote waweke kengele mezani na waimbe noti zote tano, wakue pamoja kuelekea so, kisha washike kengele na waendelee kuimba mstari mzima huku kila mmoja akipiga noti zake tu. Mara nyingi tofauti husikika papo hapo. Halafu narudi kwenye kuzima, kwa kuwa urefu wa noti ya kengele hauamuliwi na pigo bali na namna ulivyoigusisha begani, na kikundi kinachopiga vizuri lakini kinazima ovyo husikika kama chumba ambacho watu wote wanasema kwa wakati mmoja.

Kuna mbinu ya Robert Shaw inayofaa kwaya na kengele kwa pamoja: alikuwa akiwaimbisha waimbaji wake hesabu za mapigo mahali pa maneno, moja na, mbili na, wakishika sauti zao halisi, mpaka kila mtu ajue ndani yake noti inaanza wapi na inaishia wapi. Kwa Kiingereza inalazimu kuongeza neno "na" kati ya namba ili pigo ligawanyike mara mbili. Sisi lugha yetu imetupa msaada: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, zote zina silabi mbili, kwa hiyo ukiziimba kwa usawa pigo linajigawa lenyewe. Nimeitumia kwa waimbaji na kwa wapigaji, na kwa wapigaji naiona ina nguvu zaidi, maana mtu anayengoja zamu yake kwa vipimo vitatu akiwa anaimba hesabu hawezi kupotea wala kushtuka.

Utaratibu wa kikundi nao ni tofauti. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne asipofika, wenzake watambeba. Mpiga kengele asipofika, noti zake hazipo, na wimbo unakuwa na matundu mahali palepale kila ubeti. Tangu siku ya kwanza waambie watu wako jambo hilo bila kuwatisha, na tayarisha wawili watatu wa akiba wanaojua nafasi zaidi ya moja. Mengine ni madogo lakini yafuate: glavu, kwa sababu unyevu wa mikono hutia madoa kwenye shaba, meza zilizotandikwa sponji nene ya takriban sentimita 10, ili kengele zilazwe na hata kugongwa mezani pale mtunzi anapotaka mlio mkavu, na penseli kwa kila mpigaji, kwa kuwa wengi huzungushia noti zao alama, rangi moja kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa wa kulia.

Kuhusu mkono wako wa kuongozea, utagundua kwamba kengele hazikusamehe. Kwaya iliyozoea mwalimu wake huimba hata kama pigo lake la maandalizi halieleweki, kwa sababu inamsoma usoni na inapumua pamoja naye. Wapiga kengele wanahitaji maandalizi yaliyo wazi, na tena hawahitaji kwa kiasi kimoja: ulimi wa kengele kubwa una safari ndefu zaidi kuliko wa kengele ndogo, kwa hiyo mwenye kengele za chini anapaswa kuanza kuusogeza mkono mapema kidogo ili mlio wake ufike pamoja na wa juu. Usipomfundisha hivyo, besi itakuwa nyuma daima, na utadhani tatizo ni uvivu. Baada ya mwaka mmoja wa kuongoza kengele utarudi mbele ya kwaya yako na kuona miondoko ya mikono yako imekuwa mifupi, iliyotulia, na kwaya inaingia pamoja bila wewe kupiga mguu chini.

Siku utakapounganisha kwaya na kengele, jihadhari na jambo moja lililoharibu maonyesho mengi mazuri. Kwaya inayoimba bila ala hushuka kidogo kidogo, hasa ikiwa imechoka au ikiwa wimbo una noti nyingi zinazojirudia. Kwa beti tatu hakuna atakayegundua, kwa kuwa wote wanashuka pamoja. Kisha kengele zinaingia kwenye ubeti wa nne, zikiwa katika sauti ileile zilizotengenezwa nayo, na ukumbi mzima unasikia pengo. Kengele huwezi kuzishusha. Kinachowezekana ni kumwandikia mpigaji mmoja noti ndefu moja mwishoni mwa kila ubeti, ya do au ya so, laini kabisa, ili kwaya iwe na mahali pa kujipima kabla haijaenda mbali. Hapa uongozaji na utunzi vinakuwa kitu kimoja, kwa sababu dawa ya tatizo la kuongoza umeiweka kwenye karatasi.

Na sasa utunzi wenyewe. Wimbo wangu wa kwanza wa kengele niliuandika kwenye kinanda, nikaupenda, nikaugawa kwa wapigaji nikiwa na hakika utapendeza. Kwenye kipimo cha tisa mpigaji mmoja, mama mtaratibu aliyekuwa na noti za katikati, alisimama na kuuliza kwa upole amalize vipi. Nilikuwa nimempa F, F shapu, G na G shapu kufuatana kwa mwendo wa haraka. Kwenye kinanda ni vidole vinne tu. Kwake yeye ni kengele nne, mikono miwili, na kila badiliko linadai muda wa kuilaza moja kwenye sponji na kuinyanyua nyingine bila kuigonga. Mazoezi yalisimama, na wenzake kumi walisubiri huku mimi nikifuta. Tangu siku ile siandiki kipimo hata kimoja cha kengele kabla ya kusimama mezani na kukifanya kwa mikono mitupu, nafasi baada ya nafasi, na nakusihi nawe ufanye hivyo.

Jambo la pili ni tabia ya mlio. Kengele ya mkono ya Kiingereza husikika na noti yake yenyewe pamoja na noti nyingine iliyo juu yake kwa oktava moja na tano juu, yaani ukipiga do unasikia na so ya juu. Kwa hiyo kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, iliyopangwa vizuri kwa sauti nne za kwaya inaweza kuwa na matope kwenye kengele. Ukiweka mi chini kabisa katika kodi ya do, ile mi inaleta ti juu yake, na ti inasuguana na do. Juu hutaona shida kubwa kwa kuwa milio ya juu hufa haraka. Chini, ambako mlio hudumu, utaona. Kwa sababu hiyo weka noti za chini mbalimbali, do na so na do, na mi uipandishe. Besi ya kwaya haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwa hiyo usinakili sehemu za kwaya kuzipeleka kwenye kengele, zipange upya.

Umesema unatunga kwa sol-fa. Usione haya hata kidogo: sol-fa iliyoenezwa na John Curwen katika karne ya 19 imewafundisha kuimba watu wengi ambao wasingepata mwalimu wa noti, na inalilea sikio vizuri kuliko njia nyingi. Lakini katika sol-fa do inahama pamoja na ufunguo, ilhali kengele haihami. Aliyeshika F shapu ameishika F shapu iwe ni fa iliyopandishwa, ti au mi. Mpigaji anahitaji kuona noti yake mahali pamoja kwenye mistari mitano ya kuandikia noti kila inapotokea, ili jicho lake liikamate kati ya noti nyingine zote. Kwa hiyo jifunze mistari mitano mwaka huu, na jifunze na kinanda kiasi cha kuweza kupiga sauti nne polepole. Hivyo viwili ndivyo vitu pekee ninavyoviita vya lazima. Shahada ya muziki ni msaada mkubwa ukiipata, na vipo vyuo vichache, kama kile cha kwaya cha Westminster nchini Marekani ambacho kikundi chake cha kengele kilianza mwaka 1978, ambako kengele zimefundishwa kama somo kamili. Lakini nimewajua waongozaji wazuri waliofika kwa kujisomea, kuhudhuria warsha, na kukaa safu ya nyuma ya kwaya ya mtu mwenye ujuzi wakitazama.

Kwa kuwa unawatungia waimbaji wa Kiswahili, kuna jambo la lugha ambalo hakuna kitabu cha kigeni kitakachokufundisha. Mkazo wa neno letu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tumerithi tuni nyingi za kigeni ambazo mistari yake huishia kwenye pigo zito, zilizotungwa kwa lugha ambazo mstari unaweza kufungwa kwa silabi yenye mkazo. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi za kutafsiriwa tunasikia silabi ya mwisho ikigongwa kama msumari, na msikilizaji anahitaji nusu ya ubeti kutambua neno ni lipi. Ukitunga mwenyewe huna sababu ya kubeba mzigo huo: peleka pigo zito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwache mwimbaji ashuke kwenye ya mwisho. Angalia pia maneno kama mtu, nchi na mbwa, ambayo m na n zake ni silabi kamili, na tena ndizo zenye mkazo. Ukimnyima m-tu noti mbili, mwimbaji ataibana m isisikike, na neno lako litabaki kuwa "tu". Nimesikia wimbo mzuri uliopotea kwa kosa hilo peke yake. Soma shairi lako kwa sauti mara kumi kabla hujagusa sol-fa, kisha andika mapigo kwanza, sauti baadaye.

Kuhusu kuishi kwa kazi hii, nikwambie ukweli bila kuupamba: ni wachache mno wanaolipwa mshahara mmoja kwa mambo haya matatu. Wengi tunaishi kwa vipande vinavyoshikana. Kipande kikubwa na cha uhakika huwa ni nafasi ya kudumu, iwe ya kuongoza muziki wa ibada au ya kufundisha shuleni. Kinachofuata ni kwaya za jamii, kisha warsha na matamasha ambako unaalikwa kufundisha vikundi vya wengine kwa siku moja au mbili, kisha kazi za kutungiwa kwa maombi, na mwisho kabisa mauzo ya nakala. Kwenye mauzo, mgawo wa kawaida wa mtunzi kwa nakala iliyochapishwa ni takriban asilimia 10 ya bei yake. Piga hesabu: kwaya ya watu 60 hununua nakala 60, kikundi cha kengele hununua 11 hadi 15. Kwa hiyo wimbo wa kengele wenye mafanikio hauwezi kukulisha, lakini unaweza kukutambulisha, na watu wakiupenda watakuita kwenye warsha au watakuomba uwatungie wao. Wachapishaji wengi hupanga kengele kwa viwango vya ugumu kuanzia 1 hadi 6, na ushauri wangu ni uandike kwa bidii viwango vya chini, ambako vikundi ni vingi na nyimbo nzuri ni chache. Wimbo rahisi ulio mzuri ni mgumu kuutunga, na mtunzi anayedharau wanaoanza hajaelewa wanaompokea ni nani.

Mtu akikuomba umtungie, muandikiane kabla hujaanza: urefu wa wimbo, idadi ya sauti na oktava, kiwango cha ugumu, tarehe ya kukabidhi, nani ataufanya kwa mara ya kwanza, na malipo, ambayo nusu yake ni desturi kutolewa mwanzoni. Sema wazi kwamba hakimiliki inabaki kwako, kwa sababu mchapishaji akija baadaye atataka umhamishie, na huwezi kuhamisha usichokuwa nacho. Na kamwe usitie sauti shairi la mtu aliye hai, au aliyefariki karibuni, kabla ya kupata idhini kwa maandishi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi kwa uchache miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Niliwahi kukamilisha wimbo wa dakika sita kwa shairi nililodhani halina mwenyewe. Aliyekuwa na haki alikataa, na wimbo ule umelala kwenye sanduku hadi leo.

Sasa mpango wako wa miaka hii. Kwanza, kabla hujaongoza kengele, zipige. Tafuta kikundi chochote kilichotangulia, omba nafasi ya katikati, ambako noti ni nyingi na mabadiliko ya shapu na flati hayaishi, na kaa hapo kwa miezi kadhaa ukiongozwa na mtu mwingine. Kama hakuna kikundi karibu nawe, shika nafasi kwenye kikundi chako mwenyewe na mpe mwenzako aongoze nyimbo mbili. Mwalimu wa kwaya asiyeimba hujulikana, na wa kengele asiyepiga hujulikana upesi zaidi. Pili, usianze na wapigaji 11 na kengele zote 37. Anza na oktava mbili, kengele 25 kutoka G4 hadi G6, na watu wanane. Waliobaki wawe akiba. Tatu, kwaya yako isikose mazoezi hata moja kwa sababu ya kengele. Wanakwaya 40 waliokuvumilia kwa miaka sita wasijihisi wamepata mke mwenza.

Halafu tunga wimbo mmoja kwa ajili ya makundi yote mawili, na uwe mdogo. Usitumie zaidi ya kengele nane. Wape watu wanne kengele mbili mbili, pasiwe na badiliko hata moja la kengele, na watakuwa huru kukutazama. Beti tatu za kwaya bila ala, kengele zikishika do na so mwishoni mwa kila ubeti kama nilivyoeleza. Kwenye ubeti wa mwisho kengele zianze mstari mfupi, kwaya iuchukue, na ziachiwe zilie hadi zife zenyewe. Siku ya mazoezi ya kwanza usiongoze kama mtunzi anayengoja sifa. Waombe wapigaji wachore mstari kwa penseli kila mahali walipokwama, na wanakwaya wachore kila mahali walipokosa pumzi, kisha kusanya karatasi zote na uende nazo nyumbani. Andika upya kwa kufuata mistari hiyo, uwarudishie wiki inayofuata, na nakala ya tatu ndiyo umtumie mchapishaji.